Marufuku Kuingia Majini: Historia ya Katazo na Somo

Mwezi uliopita shule moja ya hapa Mbarara iliniomba niitafsiri kwa Kiswahili barua ya kuwaarifu wazazi juu ya safari ya wanafunzi kwenda Mombasa. Wazazi wengi wa wanafunzi hao wanaishi katika makazi ya Nakivale, nao husoma Kiswahili kwa wepesi kuliko Kiingereza. Kazi ilikuwa ndogo: tarehe, nauli, vyakula, mavazi. Kisha nikafika kwenye sentensi iliyopigwa mstari chini yake: ni marufuku kwa mwanafunzi yeyote kuingia baharini.

Niliitafsiri bila kufikiri sana. Kesho yake, kwa kuwa mwalimu hakosi kutumia kilichomo mfukoni, niliisoma barua hiyo darasani kama mfano wa uandishi rasmi. Msichana mmoja aliyezaliwa Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nami ninayejua kuogelea?" Nyuma yake mvulana Msomali aliyezaliwa papa hapa Nakivale, ambaye bibi yake alitoka Barawa na ambaye mwenyewe hajapata kuiona bahari, akaongeza bila kunyoosha mkono: "Tunakwenda safari yote hiyo kuitazama tu?" Niliwajibu kwa jibu la mwalimu aliyebanwa, kwamba sheria ni sheria. Darasa likaendelea, lakini jibu langu lilinifuata mpaka nyumbani.

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali lao ipasavyo. Sikusudii kuitetea barua wala kuishambulia. Nataka kuonyesha kwamba mgogoro uliomo ndani ya sentensi ile moja, kati ya kumkataza mtu maji na kumfundisha maji, una umri wa mamia ya miaka, na kwamba watu wengi wamekufa kwa sababu ya namna ulivyoamuliwa.

Kwanza tuweke wazi kwamba wakazi wa Nakivale si wageni wa maji. Makazi haya, ambayo leo yamo wilayani Isingiro na zamani yalihesabiwa kuwa sehemu ya Mbarara, yalianza kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Yamelizunguka Ziwa Nakivale, ambalo ni moja katika mlolongo wa maziwa madogo pamoja na Mburo na Kachera, na maji yake yanatokana kwa sehemu kubwa na mto Rwizi unaopita katikati ya mji wetu. Watoto huchota maji humo, wavuvi hutupa nyavu humo, na viboko nao wana madai yao. Ukimwuliza Mkongomani wa Uvira au wa Fizi atakusimulia Tanganyika. Ukimwuliza Msomali mzee atakusimulia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo anayedhani kwamba watoto wa huku bara hawana habari ya maji anakosea mara moja. Anayedhani kwamba habari hiyo inawatosha kwa bahari anakosea mara ya pili, nami nitalirudia jambo hilo.

Turudi nyuma mpaka Uingereza ya mwaka 1571. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, makamu wa mkuu wa chuo, John Whitgift, alitoa amri kwamba mwanachuo yeyote asiingie katika mto, dimbwi wala maji mengine ya wilaya ile ili kuogelea au kuoga, iwe mchana au usiku. Aliyevunja amri alichapwa viboko, aliyerudia alifukuzwa. Sababu ilikuwa ya huruma: vijana walikuwa wakifa maji. Sentensi ya barua yetu, basi, ina babu yake, na babu huyo alikuwa na fimbo mkononi.

Miaka 16 baadaye, mwaka 1587, mwanazuoni wa chuo hicho hicho aitwaye Everard Digby alichapisha kwa Kilatini kitabu cha sanaa ya kuogelea, *De Arte Natandi*, chenye michoro ya watu wakielea chali, wakigeuka na kupiga mbizi. Digby aliona kwamba vijana wataingia majini hata wakichapwa, hivyo dawa ni kuwafundisha namna ya kuingia, namna ya kuelea na namna ya kutoka. Hakuishia kwenye mikono na miguu tu. Alieleza pia kuchagua mahali, kuchunguza ukingo na kutoingia peke yako. Ni jambo la kustaajabisha kwamba amri na kitabu vilitoka katika chuo kimoja, ndani ya kizazi kimoja, kwa sababu moja ya huruma.

Wakati huo Wazungu wengi, hata mabaharia, hawakujua kuogelea. Mholanzi Pieter de Marees, aliyeandika mwaka 1602 juu ya pwani ya nchi tunayoiita leo Ghana, aliwasifu wenyeji kwa ustadi wao wa kuogelea na kupiga mbizi. Wasafiri wengine wa karne hiyo na zilizofuata waliandika mambo kama hayo kuhusu pwani nyingi za Afrika. Nayataja haya kwa sababu nimewahi kumsikia mtu mzima, tena msomi, akisema kwamba Mwafrika hana asili ya kuogelea. Historia inamkanusha. Kuogelea hakumo katika damu. Kumo katika nafasi ya kujifunza, na nafasi hiyo inaweza kunyang'anywa. Huko Chicago, Marekani, tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea katika Ziwa Michigan na wenzake. Mkondo ukawasogeza upande wa ufukwe ambao wazungu walijitengea wenyewe, ingawa hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Mtu mmoja akawarushia mawe, na Williams akafa maji. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Vizazi vya watoto weusi wa nchi ile vilikua bila mabwawa na bila fukwe, na mpaka leo watoto hao hufa maji kwa kiwango kinachozidi cha wenzao weupe. Wajukuu wa bara lile lililosifiwa na de Marees walifungiwa maji, kisha wakalaumiwa kwa kutoyajua.

Sasa tuje pwani yetu. Mswahili wa pwani hakuwa na kitabu kama cha Digby. Elimu yake aliiweka katika msamiati. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa hupungua: hayo ndiyo maji mafu. Huko Unguja tofauti ya bamvua hukaribia mita 4, yaani kimo cha watu wazima wawili na zaidi, mmoja akisimama juu ya mabega ya mwingine. Kuna kaskazi, upepo wa miezi ya mwanzo wa mwaka, na kuna kusi, inayovuma katikati ya mwaka na kuyaumua mawimbi. Na kuna mlango, yaani uwazi katika mwamba unaokinga ufukwe, ambamo vyombo hupita kuingia na kutoka. Vitabu vyetu vya shule huyafafanua maneno haya kwa mstari mmoja mmoja, mwanafunzi akayakariri kwa ajili ya mtihani, asijue kwamba kila moja ni onyo.

Wageni walijifunza onyo hilo kwa hasara. Mwezi wa Aprili 1498, kabla ya kufika Mombasa, merikebu *São Rafael* ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu gizani, mbele ya pwani ya Tanga ya leo. Maji yalipopwa ilibaki juu ya fungu. Ilibidi mabaharia wangoje yajae tena ndipo ikaelea. Wenyeji walikuja kwa mitumbwi kuwauzia machungwa. Merikebu iliweza kungoja maji kwa sababu ilikuwa na sakafu ya mbao. Muogaji hana sakafu. Yeye hupatwa na kinyume chake: hutembea kwa miguu mpaka mwambani wakati maji yamepwa, akaokota kombe na kupiga picha, kisha maji yakajaa nyuma yake, kwanza mahali penye kina kati yake na ufukwe. Anapogeuka, njia aliyoijia haipo.

Hatari ya pili ni mlango wenyewe. Maji yaliyojaa ndani ya mwamba lazima yatoke yanapopwa, na hutokea pale palipo wazi. Hapo mkondo hukaza, hasa siku za bamvua. Mtu aliyekuwa akielea kwa raha mbele ya hoteli hujikuta akisogezwa kando, kisha nje. Mvuvi wa Nungwi au wa Lamu hahitaji kuambiwa haya. Ameyaona tangu utotoni. Mgeni kutoka bara, aliyefika jana usiku kwa basi, huiona bahari tulivu ya saa nne asubuhi akadhani ndiyo tabia yake. Ziwa Nakivale halijai na kupwa kila siku. Alichokiacha jioni mtu wa ziwa hukikuta asubuhi. Hapa ndipo yule mwanafunzi wangu wa Baraka anapopaswa kunisikiliza vizuri: anajua kuogelea, na pengine anajua kunishinda, lakini hajui saa ya bahari. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwamba ustadi wa mikono na miguu hautoshi ni somo ambalo Waaustralia walilipia gharama kubwa. Katika koloni la New South Wales, sheria ya karne ya 19 ilikataza kuoga mchana katika fukwe za wazi, hasa kwa sababu za haya. Mwezi wa Oktoba 1902, mhariri mmoja wa Manly, karibu na Sydney, jina lake William Gocher, alitangaza katika gazeti lake kwamba ataingia baharini mchana, na akaingia. Mwaka uliofuata baraza la mji wa Manly liliruhusu watu kuoga saa zote, mradi vazi lifunike kutoka shingoni hadi magotini. Watu wakamiminika ufukweni kwa maelfu, na vifo vikaja nao, kwa sababu katazo liliondolewa kabla ya somo kuletwa. Nakiri kwamba mwalimu mkuu wa shule iliyoniandikia angeweza kuitumia aya hii kunipinga, naye angekuwa na haki.

Jibu halikuwa kurudisha katazo. Wananchi wenyewe waliunda vyama vya kujitolea vya uokoaji; kile cha Bondi kilianzishwa mwaka 1907. Walibuni gurudumu lenye kamba ndefu ambayo mwokoaji alijifunga akaogelea nayo, wenzake wakimvuta pamoja na aliyeokolewa. Walijifunza kuusoma mkondo wa kurudi. Mawimbi yanaposukuma maji ufukweni, maji hayo hutafuta njia ya kurejea, na mara nyingi huipata katika mfereji mwembamba wenye kina kati ya mafungu ya mchanga. Humo hutiririka kuelekea baharini kwa mwendo unaoweza kufikia mita 2 kwa sekunde, na hakuna muogaji wa kawaida awezaye kushindana nao. Kwa macho ya asiyejua, mahali hapo ndipo panapovutia, maana mawimbi hayavunjiki na maji yanaonekana yametulia. Mkondo huo haumvuti mtu chini, humpeleka nje tu. Kinachoua ni kushindana nao uso kwa uso mpaka nguvu ziishe. Anayeelea chali, akainua mkono kuomba msaada, au akaogelea sambamba na ufukwe mpaka autoke mfereji, ana nafasi nzuri ya kurudi. Bendera nyekundu na njano zinazosimikwa leo katika fukwe za nchi nyingi zina maana kwamba hapa, kati ya hizi mbili, kuna mtu anayekutazama.

Tarehe 6 Februari 1938, siku ya Jumapili, mawimbi makubwa yalifuatana ghafula huko Bondi yakawafagia watu waliosimama kwenye fungu la mchanga na kuwatupa kwenye kina. Watu wapatao 250 walihitaji kuokolewa kwa pamoja. Kwa bahati wanachama wengi wa chama cha uokoaji walikuwa ufukweni. Waliokufa walikuwa 5. Wanahistoria wa Australia huikumbuka siku hiyo kwa jina la Jumapili Nyeusi, lakini mimi kila nikiisoma huishangaa ile idadi ndogo.

Kuna tawi jingine la historia hii ambalo nitalipitia upesi, ingawa lina vichekesho vyake. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam, mji wa mifereji, walianzisha chama cha kuwaokoa waliozama. London ikafuata mwaka 1774. Kabla ya hapo ilikuwa desturi katika miji mingi kutomgusa aliyetolewa majini mpaka wakuu wafike, na wakuu walipofika alikuwa amekwisha kufa kweli. Vyama hivyo viliwatangazia wananchi kwamba kumgusa si kosa, bali ni wajibu, na vikatoa zawadi kwa aliyejaribu. Mbinu zao zilichanganya busara na maajabu: walimpasha mtu joto, walimpulizia hewa, na pia walimfukizia moshi wa tumbaku kupitia njia ambayo heshima ya ukumbi huu hainiruhusu kuitaja. Ilichukua muda mrefu kuchuja lililofaa na lisilofaa. Kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo kulithibitishwa katika miaka ya 1950, na kukandamiza kifua kukaunganishwa nako mwaka 1960. Lakini sioni kwamba mchango mkubwa wa Amsterdam ulikuwa wa kitabibu. Ulikuwa wa kiraia: ruhusa ya mpita njia kuugusa mwili wa jirani yake. Hapa kwetu ningali nikiona watu wakisimama ukingoni mwa mto, mikono kifuani, wakingoja polisi.

Kiswahili kina methali kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Nimeifundisha miaka mingi kama mfano wa mtu anayeshikilia jambo lililokwisha kushindikana. Baadaye nikasoma kazi ya Francesco Pia, mwokoaji wa ufukwe wa Orchard huko New York, ambaye katika miaka ya 1970 alieleza namna watu wanavyozama hasa. Kutapatapa kupo, lakini si kule tunakokuona katika filamu. Anayezama hapigi kelele, kwa kuwa mdomo unaopanda juu ya maji kwa nukta moja hauna nafasi ya kutoa sauti. Unavuta pumzi tu. Hapungi mkono, kwa kuwa mikono yake inayakandamiza maji pande zote mbili. Mwili husimama wima, kichwa kimeinama nyuma, na yote huisha kwa chini ya dakika moja au zaidi kidogo. Mtoto anaweza kufa hivyo hatua tano kutoka kwa mama yake anayeongea na jirani. Methali imesema kweli. Wafasiri wake, mimi nikiwa mmojawapo, tuliongeza makelele ambayo hayamo.

Msomaji ataniuliza kwa nini nizungumzie bahari na Australia ilhali wengi wa watu wetu hufia maziwani. Ni kweli. Tarehe 21 Mei 1996 meli *MV Bukoba* ilipinduka ilipokaribia Mwanza, na mamia ya watu wakaangamia. Walioogelea wakaokoka walikuwa wachache mno. Lakini kwa watu wa makazi ya wakimbizi tarehe isiyosahaulika ni nyingine: 22 Machi 2014. Siku hiyo mashua iliyojaa Wakongomani, wengi wao wakitoka makazi ya Kyangwali, wilayani Hoima, ilizama katika Ziwa Albert. Walikuwa wakirudi nyumbani. Hawakuwa katika msafara ulioandaliwa na shirika lolote. Walisikia kwamba huko kwao kumetulia kidogo, wakafunga mizigo yao, wakapanda. Mashua ilikuwa imelemewa. Serikali ya Kongo ilitangaza kwamba waliokufa walizidi 250, ikaamuru maombolezo ya taifa. Wengi walikuwa watoto.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, maana lina makosa ya aina zote ambazo historia hii imezionyesha. Kuna kosa la mwenye mashua na kosa la aliyepaswa kumzuia asiondoke. Kuna ukosefu wa jaketi za kujiokolea. Lakini kuna pia jambo ambalo halikuandikwa katika taarifa yoyote kwa kuwa ni la kawaida mno: watu waliokuwa wameishi miaka kando ya ziwa hawakuwahi kufundishwa kuelea chali kwa dakika kumi. Sitaki kumbebesha mzigo aliyekufa. Mtu hawezi kuelea kilomita nyingi, na hakuna ustadi wa kuogelea unaokifuta kosa la kulemeza chombo. Hata hivyo dakika kumi ni nyingi mashua nyingine ikiwa njiani. Sheria ya usafiri wa majini ni wajibu wa dola. Kuelea ni elimu. Na raia anaweza kuvidai vyote viwili kwa pamoja bila kuambiwa achague.

Je, kuna mahali katika ukanda wetu ambapo swali hili limejibiwa vizuri? Nitataja Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Huko, tangu mwaka 2011, mradi uitwao Panje umekuwa ukiwafundisha watoto wa kijiji kuogelea na kuokoa, wakiwemo wasichana. Inashangaza kwamba katika kisiwa, ambako kila familia ina mvuvi, wasichana wengi walikua bila kujua kuogelea. Kikwazo hakikuwa woga wa maji. Kilikuwa sitara: wazazi hawakutaka binti zao waonekane na nguo zilizogandamana mwilini, wala wafundishwe na wanaume. Mradi haukuwahutubia wazazi kwamba wamepitwa na wakati. Ulileta mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, ukawaandaa wanawake kuwa walimu. Kumbuka vazi la Manly, kutoka shingoni hadi magotini. Jamii mbili zilizotengana kwa miaka mia moja na bahari nzima zililipatia tatizo moja dawa moja: haya haikuvunjwa, ilishonewa nguo.

Ulimwengu nao umeamka, ingawa polepole. Mwezi wa Aprili 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu kuzuia vifo vya kuzama, likaitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kimataifa ya jambo hilo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji katika mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa hatua zinazopendekezwa ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea kwa ajili ya kujiokoa, na kuwafundisha wapita njia uokoaji ulio salama. Digby na watu wa Amsterdam wangelielewa pendekezo hilo bila mkalimani.

Narudi kwenye barua. Sikuifuta sentensi iliyopigwa mstari, kwa kuwa si yangu kuifuta na kwa kuwa Manly imenifundisha kutokuwa na haraka. Nilimwandikia mwalimu mkuu nikapendekeza nyingine ya kuiweka mahali pake. Niliandika kwamba mwanafunzi ataingia baharini kwa ruhusa ya mzazi tu, mchana, katika ufukwe wa umma wenye waokoaji, kwa vikundi vidogo, maji yasivuke kiuno. Kwamba kila mmoja atakuwa na mwenzake wa kumtazama, na mwalimu mmoja wa kila kikundi hatashika simu. Kwamba hakuna atakayetembea kwenda mwambani maji yakipwa bila mwenyeji wa kumwongoza. Kwamba anayechukuliwa na mkondo aelee na kuinua mkono, na anayemwona asimfuate mikono mitupu bali amrushie kitu kinachoelea, hata dumu tupu la maji. Na kwamba kabla ya safari wote watajifunza kuelea chali.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akaniuliza nani atawafundisha kuelea, na wapi. Nilimjibu kwamba hapa mjini zipo hoteli zenye mabwawa, na kwamba nitakwenda kuulizia bei ya asubuhi za Jumamosi. Akasema atafikiri. Safari ni mwezi wa Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, na nimempa darasa kazi ya nyumbani: watazame mwezi kila usiku kuanzia sasa, waandike umbo lake, kisha waniambie kama siku ya kufika Mombasa itaangukia bamvua au maji mafu. Yule mvulana wa nyuma amekwisha kuniletea jibu lake. Anasema alimwuliza bibi yake.